Rahisi kwa Nani?

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili kwa mshahara mmoja: rahisi. Kazi isiyosumbua ni rahisi, na kitu cha bei ndogo nacho ni rahisi. Mtihani rahisi, viatu rahisi. Waarabu, ambao ndio tuliowaazima, wanalitumia kwa mambo ya bei. Sisi ndio tuliolisogeza hadi kwenye ugumu na wepesi wa kazi. Halafu tukalifungia onyo, kwamba rahisi ni ghali, onyo ambalo kila mtu analijua na wachache wanalikumbuka wakiwa wameshika pochi.

Lakini onyo hilo linamlenga mnunuzi tu. Linamwambia: wewe uliyelipa kidogo leo, kesho utalipa tena. Halisemi lolote kuhusu mtu wa tatu, yule ambaye hakununua, hakuuza, na bado bili inamfikia mlangoni. Swali langu linamhusu huyo. Kitu kikiwa rahisi kwangu, kimekuwa ghali kwa nani? Nitalijadili kwa mfano ambao wasomaji wengi wa hapa hawajawahi hata kuugusa: pikipiki ya theluji iliyotumika, na vile vikorombwezo vya bei nafuu vya kuiongezea nguvu. Msicheke kwanza.

Naishi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, ambako kuanzia Desemba hadi Machi nchi nzima inakuwa nyeupe na maziwa yanageuka barabara. Watu wa huku wana pikipiki za theluji kama watu wa kwetu walivyo na baiskeli: ipo nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, na kila mwenye nayo anaamini yake ndiyo inayokwenda. Yangu ni ya mwaka 2007. Silinda mbili, sisi 600, injini ya mapigo mawili inayochoma oili pamoja na petroli, bado ina kabureta. Nililipa dola 2,400. Kwa asiyeijua: mbele kuna skii mbili zinazogeuzwa na usukani, nyuma, chini ya kiti, kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozunguka kama minyororo ya buldoza na kuisukuma theluji nyuma. Hakuna gia za kukanyaga. Unafinya mafuta kwa kidole gumba, inaondoka.

Ukishanunua chombo kama hiki, kila unayekutana naye anageuka fundi. Badilisha springi za klachi. Weka vali mpya za kuingizia hewa. Toboa boneti ipumue. Weka mkanda wenye meno marefu. Na zaidi ya yote, weka ekzosi ya mashindano. Kila ushauri unakuja na maneno yale yale mawili: si kazi kubwa, si pesa nyingi. Yaani rahisi na rahisi.

Nianze na sehemu isiyo na ubishi mwingi. Kabla ya kununua chochote, fundi wa maana atakuambia upime mgandamizo wa silinda. Kipimo chenyewe si ghali. Unatoa plagi, unakifunga mahali pake, unafinya mafuta hadi mwisho huku unavuta kamba ya kuwashia mara kadhaa, unasoma namba. Silinda zako mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia kumi hivi, acha kuota nguvu za ziada; injini ina deni la zamani. Baada ya hapo unaangalia beliti ya klachi. Beliti ikiliwa na kupungua upana hata kwa milimita chache, chombo kinakosa kasi ambayo mwenyewe unadhani haijawahi kuwepo. Unaangalia beringi za magurudumu madogo ya ndani ya mkanda, mvutano wa mkanda wenyewe, na zile reli za plastiki zinazoteleza juu yake. Unapaka grisi. Saa nne za Jumamosi, labda dola 200 ukihesabu na beliti mpya, na ghafla una pikipiki tofauti.

Je, umeiboresha? Neno "boresha" linatoka kwenye bora, na bora haisimami peke yake. Lazima kuwe na bora kuliko nini, na bora kwa ajili ya nini. Ukirudisha nguvu ambazo chombo kilizaliwa nazo, zikiwa zimefichwa na kutu na uvivu wa mwenye mali aliyepita, hujaongeza kitu. Umeacha tu kukidhulumu. Mimi naona hii ndiyo kazi yenye heshima kuliko zote kwenye gereji, na ndiyo isiyo na sifa. Hakuna mtu atakayesimama kituo cha mafuta akuulize umepaka grisi ya aina gani.

Halafu kuna klachi, ambayo nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Klachi hizi ni puli mbili zilizounganishwa na beliti. Ya mbele, iliyo kwenye injini, ina vyuma vidogo ambavyo injini ikizunguka kwa kasi vinatupwa nje na kuibana puli, beliti inapanda juu. Springi inapingana navyo. Ya nyuma ina springi yake na mkato wa mteremko unaosikiliza mzigo: ukipanda kilima, inavuta beliti irudi. Kati ya hizo mbili, gia inajichagua yenyewe kila sekunde. Aliyewahi kufungua skuta zile zisizo na gia ameuona mpango huo huo kwa umbo dogo. Sasa, springi zinachoka. Baada ya miaka kumi na kitu zinalegea, na injini ambayo ingetoa nguvu zake zote karibu na mizunguko 8,000 kwa dakika inafungwa kufanya kazi chini ya hapo, au inapiga kelele juu ya hapo bila faida. Springi mpya na vyuma vya uzito unaofaa, ambavyo vinauzwa pamoja kwa dola mia mbili na kidogo, haviongezi hata farasi mmoja kwenye injini. Vinachofanya ni kuikutanisha injini na mahali inapoweza. Watu wanazungumzia nguvu kana kwamba ni kitu kinachomiminwa. Kwenye mashine, kama kwenye ofisi nyingi nilizofanya kazi, mara nyingi nguvu ipo, ila imepangiwa zamu isiyo yake.

Aristotle alifundisha kwamba uzuri wa kitu uko kwenye kazi yake. Kisu kizuri ni kinachokata vizuri. Huhitaji kura ya maoni. Tatizo ni kwamba kisu kina kazi inayojulikana. Pikipiki ya theluji kazi yake nini?

Zamani jibu lilikuwa wazi. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa kijiji cha Valcourt huko Québec, Kanada, alifiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka miwili majira ya baridi ya 1934, kwa sababu barabara zilikuwa zimezikwa na theluji na mtoto asingeweza kufikishwa hospitali. Bombardier alikuwa ameshahangaika na magari ya theluji tangu akiwa kijana mdogo. Miaka michache baada ya msiba huo alikuwa anauza gari la watu saba linalotembea juu ya theluji, B7, na waliolitumia walikuwa madaktari, wabeba barua, mapadri. Kazi yake ilikuwa kufika. Hata mashine ya kwanza ya Polaris, iliyotengenezwa katika mji mdogo wa Roseau hapa hapa Minnesota katikati ya miaka ya 1950, ilitokana na watu waliotaka kufika porini kuwinda bila kutembea kutwa nzima. Ski-Doo, ndogo na nyepesi, ilitoka 1959, na kuanzia hapo kufika kukaanza kupungua umuhimu na kwenda kukawa ndiyo jambo.

Wapo walioipokea kama chombo cha kazi hata baada ya hapo. Wasami wa kaskazini mwa Finland, wachungaji wa kulungu wa barafu, waliichukua miaka ya 1960. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1973, akiwafuatilia Wasami wa Skolt wa Sevettijärvi, na kitabu hicho nawashauri hata wasiojali theluji wakisome, maana ni hadithi ya trekta, ya simu, ya kila kitu. Mashine ilipoingia, safari ya siku ikawa ya saa. Nani angekataa? Lakini mashine ilikula petroli na vipuri, na petroli na vipuri vilitaka pesa taslimu, na pesa taslimu ilitoka kwa kuuza kulungu. Kulungu wenyewe, waliozoea watu wanaotembea kwa skii, wakaanza kukimbizwa na kelele, wakawa wakali, wakarudi nusu kuwa wanyama wa porini. Familia zenye uwezo zilikwenda na kasi. Nyingine zikajikuta hazina kundi. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hiyo. Kila mmoja alifanya jambo rahisi.

Sasa turudi kwenye yangu, ambayo haichungi mnyama wala haibebi daktari. Kazi yake ni furaha. Silionei aibu neno hilo. Asubuhi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, miti imeganda kama imechorwa, unapita ziwani jua likitoka, kuna kitu kifuani kinafunguka ambacho mimi mtu wa pwani sikujua kama ninacho. Lakini ukisema kazi ya kitu ni furaha, umefungua mlango mgumu kuufunga, kwa sababu furaha haina kipimo cha mgandamizo. Ndiyo maana watu wanaikimbilia namba iliyo karibu: kasi. Na kasi hapa ina kichekesho chake. Sheria ya Minnesota inaweka mwisho wa maili 50 kwa saa, karibu kilomita 80. Pikipiki yangu, jinsi ilivyotoka kiwandani mwaka 2007, inapita hapo ikiwa haijachoka. Kila dola ninayoitumia kuiongezea kasi ya mwisho ni dola ya kununua kitu ambacho siruhusiwi kukitumia. Nikimweleza hivyo rafiki yangu, Mtanzania mwenzangu aliyewahi kuwa fundi wa bodaboda Arusha na sasa anafanya kazi kiwandani huku, ananiangalia kwa huruma. "Kaka, mbona una makabati ya vyombo vya wageni?"

Jibu zuri. Nakubali kwamba si lazima kila uwezo utumike. Ila nataka kuutazama ule wa ekzosi, kwa sababu uwezo huo unatumika kila unapowasha, utake usitake.

Ekzosi ya kiwandani kwenye injini za aina hii ni boksi zito la chuma lenye vyumba ndani, limewekwa kumeza sauti. Ile ya mashindano ni kopo jepesi, karibu tupu. Kulibadilisha ni springi chache za kuvuta kwa ndoano. Hata mtoto wa darasa la saba anaweza. Unapunguza kilo kadhaa. Nguvu unazopata, kama hukugusa kitu kingine, ni kidogo sana, na ukizembea kurekebisha kabureta unaweza kuifanya injini ipumue hewa nyingi kuliko petroli, ambavyo kwenye mapigo mawili ndiyo njia ya kutoboa pistoni. Lakini unapata sauti, na sauti inadanganya makalio: chombo kinaonekana kwenda kasi zaidi kuliko kinavyokwenda. Tangu 1975 watengenezaji huku wamefuata kipimo cha desibeli 78 kwa umbali wa futi 50 chombo kikifinywa mafuta hadi mwisho. Desibeli zina hesabu ya ajabu. Ongeza kumi tu, na sikio linasikia kama kelele imekuwa mara mbili.

Yangu ilikuja na kopo. Mwenye mali aliyepita alishaliweka. Boksi la kiwandani alikuwa amelitupa, na aliniambia hilo kama mtu anayenipa zawadi.

Hapa inabidi nieleze njia za theluji zinavyokuwepo, kwa sababu mgeni anadhani ni za serikali. Minnesota ina zaidi ya maili 22,000 za njia za pikipiki za theluji. Zinatunzwa na vilabu vya watu wanaojitolea, wanaoamka usiku kuzilainisha kwa mashine, na pesa zinatoka kwenye ada za usajili na kodi ya petroli. Ila ardhi yenyewe, sehemu kubwa, ni mashamba na misitu ya watu binafsi. Mkulima anakubali njia ipite ukingoni mwa shamba lake, mara nyingi bila kulipwa senti. Hakuna anayemlazimisha. Na anaweza kusema basi, mwaka huu hapana, akaweka kamba na kibao, na kilabu chote kikatafute pa kupita.

Kwenye eneo letu amesema hapana mmoja. Nilimfahamu kwa kuonana dukani. Mzee wa miaka sabini na kitu, anafuga ng'ombe. Hakukasirika hadharani, hakuandika barua. Mkewe alikuwa mgonjwa ile baridi, analala mchana na kuamka usiku, na pikipiki zilikuwa zinapita saa tano usiku. Si zote. Aliniambia mwenyewe kwamba nyingi alikuwa hazisikii hata kidogo mpaka aone taa. Zilikuwa tatu au nne. Kwa hizo tatu au nne akafunga njia, na sasa watu wote, na watoto wao nyuma, wanapita mtaroni kandokando ya barabara kuu, magari yakiwapulizia theluji usoni, kwa maili kadhaa.

Naomba tuikae hesabu hiyo. Mtu mmoja alilipa dola mia tatu kwa kopo. Kwake lilikuwa rahisi kwa maana zote mbili. Bei kamili iligawanywa: usingizi wa mgonjwa, subira ya mzee, kazi ya bure ya vilabu ya miaka mingi, na usalama wa mtoto anayepita mtaroni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwepo dukani. Na kwa kuwa kila mmoja alilipa kipande kidogo, hakuna aliyekuwa na risiti ya kumpelekea mwenye kopo. Watu wa uchumi wana jina la jambo hili na mafomula yake. Mimi nadhani bibi zetu walikuwa na kitu kilicho karibu zaidi, pale walipokuwa wakimwita mtu "hana haya". Hawakumaanisha amevunja sheria. Walimaanisha kwamba anaishi kana kwamba wengine hawapo.

Msinielewe kwamba nimegawanya vikorombwezo kuwa vya halali na haramu. Mambo hayapangiki hivyo. Chukua misumari. Kuna watu wasiojali kasi, wanaotaka tu chombo kisimame kwenye barafu, nao huweka misumari ya chuma kwenye mkanda. Na wanaweka pau mpya za kabaidi chini ya skii, kwa sababu za zamani zikiisha makali unapinda usukani na pikipiki inaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea kwenye mti. Ningekuwa na dola 150 tu, ningeanza na pau za kabaidi kabla ya farasi yeyote. Ni kikorombwezo cha mtu anayetaka kurudi nyumbani. Lakini misumari ile ile inayokuokoa ziwani inakwangua lami kwenye vivuko na mbao za madaraja, ndiyo maana njia za umma zilizowekwa lami hapa haziiruhusu. Hata tahadhari yangu mtu mwingine anaitengeneza kwa kodi yake. Nimeamua kuweka kabaidi na kuacha misumari, nikaacha na kukatiza maziwa yenye barafu tupu. Mwingine mwenye kuvua samaki mbali ziwani ataamua kinyume, na sina ugomvi naye.

Kuna pingamizi ambalo lazima nilikabili, na linatoka nyumbani. Dada yangu anapiga simu Jumapili. Mpwa wangu yuko bweni, kuna mahitaji: godoro, madaftari, nauli ya kwenda na kurudi. Dada haombi; anasimulia tu, na mimi nasikia namba. Peter Singer, kwenye makala yake ya 1972, aliuliza kuhusu mtoto anayezama kwenye bwawa mbele yako: ungeacha kumwokoa kwa sababu nguo zako zitachafuka? Kama hapana, basi kwa nini umbali ubadilishe chochote? Wanafunzi wa filosofia wa huku wanahangaika nalo kwa sababu mtoto aliye mbali ni wazo. Kwa sisi tunaotuma pesa si wazo. Ana jina, ana namba ya viatu, na juzi alinitumia sauti akiniita anko. Kwa hiyo mtu mzima mwenye mpwa bweni anawezaje kununua springi za klachi?

Sijaridhika na majibu ya haraka ya upande wowote. Singer angeniambia kila springi ni godoro. Nikimfuata hadi mwisho sitabaki na pikipiki, na pengine nisingebaki na akili timamu pia, maana baridi ya miezi mitano kwa mtu wa Tanga ni jambo la kitabibu. Upande mwingine unasema pesa zako, furaha yako, basi. Na huo nao ni uongo, kwa sababu nauli iliyonileta hapa haikuwa yangu, ilikuwa harambee ya ukoo. Ninachokiona ni kwamba urahisi ndio unaotuvuruga. Dola 2,400 niliziwazia miezi minane. Nilimwambia dada. Alicheka, akasema nunua, usife na upweke huko. Lakini vile vya dola 60, 120, 90 havikupita kikao chochote. Vilikuwa vidogo mno kuitiwa kikao, na vikijumlishwa ni muhula. Kama kuna maadili ya kununua, nadhani yanaanza na kuuliza ni matumizi yapi ambayo nisingependa kumsimulia mtu kwa simu, hata yakiwa madogo kiasi gani. Beliti niliweza kumsimulia dada. Springi pia, alitaka kujua zinafanyaje kazi. Kopo ningelisimuliaje?

Basi nikaanza kutafuta boksi la kiwandani. Nililipata kwa muuza vipuri vilivyotumika, dola 140. Hebu fikiria: dola 140 ili pikipiki iwe nzito zaidi, na kimya zaidi. Rafiki yangu wa Arusha alishika kichwa. Aliniambia kule kwetu vijana wanatoboa ekzosi za bodaboda ili zisikike, na mimi nimevuka bahari kuja kulipia zisisikike. Tulilifunga pamoja, huku ananung'unika. Kwenye jaribio la kwanza nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye chombo kile: beliti ikipanda kwenye puli, mvumo laini, na theluji ikisuguana na skii.

Likabaki kopo. Hapa ndipo ubishi wetu ulipokuwa mkali, na haujaisha. Yeye anasema: liuze. Thamani yake ni dola 150 au zaidi, zitume zote kwa dada, mambo kwisha, mtoto kapata godoro. Ukilitupa umefanya nini? Umejisikia vizuri, mtoto hana godoro, na duka bado lina mengine hamsini mapya. Mimi nasema: kama niliamini si haki likae kwenye pikipiki yangu likipita kwa yule mzee, linakuwaje haki likipita kwa mzee mwingine ambaye simjui? Nitakuwa nimemnunulia mpwa wangu godoro kwa usingizi wa mtu. Akanijibu, "Ndugu yangu, kila godoro limenunuliwa kwa usingizi wa mtu. Uliza mimi ninayeingia zamu ya usiku."

Sikuwa na la kumjibu, na bado sina kamili. Ila yapo matumizi ambayo kopo lile halimdhuru mtu: mashindano ya kwenye duara la barafu, uwanja uliofungwa, watazamaji wamekuja wenyewe na kelele ni sehemu ya kiingilio. Nikaweka tangazo, nikaandika kwamba linauzwa kwa mashindano. Rafiki yangu aliliita tangazo la mlokole. Wiki ya pili akaja kijana, mpole, kashika pesa mkononi. Alilipima kwa mikono, akalipenda. Nikamuuliza anaendesha wapi. Akasema popote penye theluji, kisha akauliza kwani bei inategemea hapo.

Nikamwambia kwamba kwangu inategemea. Tukazungumza kidogo, nikamwonyesha klachi, maana aliniambia yake inachelewa kuondoka. Nikampa springi zangu za zamani akalinganishe urefu na zake. Aliondoka na springi. Kopo liko juu ya rafu gerejini, na Jumapili nilituma dola 150 kutoka kwenye mshahara.